Kumbukumbu ya Fundi wa Mitumbwi wa Babati

Mkaazi wa visiwani akitajiwa mtumbwi, fikira zake huelekea baharini bila ya kusita. Humjia machoni ngalawa iliyolala mchangani wakati maji yamekupwa, matengo yake yameanikwa juani, na hukumbuka mwembe mkongwe wa shambani ambao siku moja huangushwa ili ugeuke chombo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mtumbwi una ndugu zake bara, mbali na harufu ya chumvi, ambao hawajapata kuonja kusi wala kaskazi. Miongoni mwa ndugu hao ni mitumbwi ya Ziwa Babati, katika mji wa Babati, ambao tangu mwaka 2002 ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara. Ziwa hilo liko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Maji yake ni baridi na kina chake ni kifupi. Kandoni mna matete, ndani mna viboko, na wavuvi wake hutafuta perege na kambale kwa nyavu na ndoana, wakisukuma vyombo vyao kwa pondo mahali ambapo kafi halihitajiki.

Katika mji huo aliishi mtu aliyechonga mitumbwi kwa muda wa miaka ishirini na zaidi. Jina alilopewa na wazazi wake halikutumiwa na mtu ila na jamaa zake wa karibu. Majirani, wavuvi, na hata watoto waliotumwa kumwomba vipande vya kuni walimwita Fundi, naye aliliitikia jina hilo kama kwamba hakuwahi kuwa na jingine. Anayemkumbuka zaidi leo ni seremala mmoja wa mjini hapo, ambaye alikuwa mwanafunzi wake, kisha rafiki yake, kisha kwa misimu miwili hasimu wake, kisha rafiki yake tena hadi kifo kilipowatenganisha.

Fundi hakuzaliwa kando ya ziwa. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, upande wa kusini, na waliokulia huko katika miaka ya 1960 na 1970 wanaijua ardhi iliyochunwa ngozi. Milima ya Irangi ilikuwa imepoteza miti yake. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu uliteremka wote pamoja na mbegu, ukaacha makorongo ambayo ng'ombe akitumbukia hatoki. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi kuwa HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa iondolewe katika eneo lililoharibika zaidi ili ardhi ipate kupumua. Majani yalirudi, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini kila amri njema ina mlango ambao mtu fulani hutoka nao akiwa analia. Mjomba wake Fundi alitoka na mlango huo, akiswaga ng'ombe kuelekea kaskazini, na kijana alimfuata nyuma akibeba shoka, tezo na sufuria mbili.

Ufundi aliokuja nao haukuwa wa vyombo vya majini. Kwao alijifunza kuchonga mizinga ya nyuki na vinu vya kutwangia. Alipofika Babati alimkuta mzee mmoja wa ziwani akihangaika na gogo, akamtazama kwa siku tatu, na siku ya nne akaomba aachiwe tezo. Baadaye alipenda kusema kwamba mzinga na mtumbwi ni watoto wa tumbo moja: vyote viwili ni magogo yaliyofukuliwa moyo ili vibebe kitu kilicho hai. Tofauti ni kwamba mzinga ukiwa na kasoro nyuki huhama, na mtumbwi ukiwa na kasoro mtu hahami.

Mwanafunzi alikutana naye mwaka 1990, akiwa na miaka kumi na mitatu. Mwaka huo mvua zilizidi, na ziwa lilifurika likaingia mjini. Mtoto huyo alisimama pamoja na watu wengine kutazama maji yalivyofunika njia alizozoea kupita akienda skuli. Wengine walilia mali zao, wengine walicheka kwa mshangao. Mtu mmoja tu aliinama, akachota maji kwa kiganja, akayaacha yachuje kati ya vidole na kubaki akiangalia tope jekundu lililobaki. Mtoto alimsikia akisema peke yake, "Udongo huu naujua." Kisha alijifuta mkono kwenye shati, akaenda kuufunga mtumbwi wake kwenye nguzo ya duka ili usichukuliwe na mkondo. Wataalamu waliolichunguza Ziwa Babati wameeleza pia kwamba udongo unaoshuka kutoka kwenye miteremko iliyolimwa na kukatwa miti ni miongoni mwa mambo yanayolipunguzia kina. Fundi hakusoma maandishi yao, lakini alikwisha kuyaishi.

Baada ya maji kupungua mtoto alianza kupita karakanani kwake kila alasiri. Karakana yenyewe ilikuwa banda la makuti ya migomba na mabati mawili, chini yake kitanda cha magogo ya kuegeshea kazi. Hakuna aliyemwambia karibu wala ondoka. Siku ya kumi hivi Fundi alimkabidhi kisu akamwamrisha amenye gome la mkuyu, na tangu siku hiyo aliitwa "mwanangu", naye akamwita Fundi "baba", ingawa baba yake mzazi alikuwa hai, Mgorowa mwenye shamba chini ya mlima Kwaraa, na dini zao hazikuwa moja.

Kazi ilikuwa na taratibu zake, na kila hatua ilikuwa na sababu. Mti uliangushwa wakati wa kiangazi, utomvu ukiwa umepungua. Kabla ya shoka la kwanza Fundi aliuzunguka, akaugonga kwa nyuma ya shoka kutoka chini hadi mahali mkono unapofika, akisikiliza kama ndani mna uvungu. Gogo liliachwa kivulini lipoe. Kisha lilichongwa nje kwanza, tumbo na mgongo, na baada ya umbo kukubalika ndipo lilipopinduliwa likaanza kufukuliwa. Sakafu ya mtumbwi iliachwa na unene wa vidole vitatu, mbavu vidole viwili, na ncha zote mbili ziliachwa nene zaidi kwa kuwa huko ndiko ufa huanzia. Kila jioni kazi ilifunikwa kwa majani mabichi ili jua la kesho lisiipasue. Mwishoni mtumbwi ulizamishwa ziwani kwa siku kadhaa, ukiwekewa mawe, mpaka mti usahau kwamba uliwahi kuwa mti.

Unene haukupimwa kwa kifaa. Fundi aliweka kiganja kimoja nje na kingine ndani, akafumba macho, akasogeza mikono yote miwili pamoja kutoka tezi hadi gubeti. Mwanafunzi alihitaji miaka minne kabla ya mikono yake kuona kitu. Wakati huo alimlipa mwalimu wake kwa njia aliyoiweza: kila Jumapili baada ya kanisa alimsomea gazeti, kwa kuwa Fundi alisoma Kurani kwa ufasaha lakini herufi za kirumi zilimchosha. Walinunua gazeti moja la juma lililopita, wakalisoma lote, pamoja na matangazo ya vifo na ya minada. Aghalabu urafiki wa kweli kati ya mkubwa na mdogo huzaliwa pale mkubwa anapokubali naye kufundishwa.

Kwenye mwimo wa mlango wa nyumba yake Fundi alikuwa akikata chale, moja kwa kila mkuyu alioangusha. Hakuhesabu mitumbwi aliyouza, alihesabu miti. Mwanafunzi alipouliza maana yake, alijibiwa kwamba mwenye duka ana daftari la madeni, na huo mwimo ndio daftari. Aliyemdai hakutajwa.

Mawazo ya namna hiyo yamewahi kuwapitia mafundi wengine, mbali sana na Babati. Katika visiwa vya Hawaii, watu wa zamani walichonga mbao za kutelezea juu ya mawimbi kutokana na miti ya koa, wiliwili na mshelisheli, ule ule unaoliwa Unguja na Pemba. Kitabu cha mwaka cha Thomas Thrum, kilichochapishwa Honolulu kwa ajili ya mwaka 1896, kina maelezo kwamba fundi alipochagua mti aliweka samaki mwekundu aitwaye kumu penye shina lake. Mti ukishakatwa, shimo lilichimbwa kwenye mizizi, samaki akazikwa humo kwa dua, kuwa malipo ya kile kilichochukuliwa. Fundi wa Babati hakujua habari za Hawaii, na dini yake isingemruhusu kuuzikia mti samaki. Yeye alisema Bismillahi, akakata, na jioni akaenda mlangoni na kisu. Lakini Mhawaii alilipa siku ile ile akaondoka akiwa huru. Fundi aliandika tu, na deni likaendelea kukua mbele ya macho yake kila alipoingia kulala.

Mwaka 1996 mwanafunzi alifanya kosa ambalo hajalisahau. Mtumbwi ulikuwa umekwisha kuagizwa na mvuvi kijana aliyetoa malipo ya awali, na Fundi alikuwa kitandani kwa homa. Mwanafunzi aliendelea kufukua peke yake, kwa haraka na kwa majivuno, na upande wa kulia, karibu na tezi, tezo ilikwenda mbali zaidi ya inavyopasa. Haikutoboa. Ingetoboa, kungewekwa kiraka na jambo likaisha. Ilibakisha unene wa kidole kimoja, pengine pungufu, na kwa nje hapakuonekana kitu. Alisawazisha, akapaka mafuta, akanyamaza.

Fundi alipoinuka alifumba macho na kupitisha viganja kama kawaida. Vilisimama pale pale. Hakuuliza nani wala kwa nini. Alikaa kwenye gogo kwa muda mrefu, kisha akamwita mvuvi, akamwambia kwamba yeye, Fundi, ameharibu kazi, na kwamba fedha zake atarudishiwa. Fedha zilikwisha kutumika kwa dawa na chakula. Mbuzi wawili waliuzwa ili zirudi. Mtumbwi wenyewe haukuchomwa wala kukatwa. Uliwekwa uani ukawa hori la kunyweshea ng'ombe wa mjomba, na kwa miaka iliyofuata mwanafunzi alilipita kila asubuhi akienda kuchukua tezo. Usiku wa siku ile chale moja iliongezwa mlangoni kama kawaida. Mti ulikuwa umekatwa, na daftari halikujali kama kilichotoka ni chombo au hori.

Wapo watakaosema kwamba mwalimu alikosea kubeba lawama isiyokuwa yake, kwani kijana hufunzwa kwa kuonja uchungu wa kosa lake. Mwanafunzi mwenyewe ana maoni mengine. Anasema angekemewa mbele ya mvuvi angelia siku moja na kusahau. Kilichomfunza ni kuwaona wale mbuzi wawili wakifungwa kamba.

Mwaka 2004 Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, ambayo pamoja na mengine ilikataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa mto au ziwa. Mwanafunzi, sasa mtu mzima mwenye mke na karakana yake ndogo ya vitanda na makabati, alimsomea Fundi habari hiyo gazetini. Mikuyu hupenda maji. Mingi kati ya iliyobaki ilisimama ndani ya mita hizo 60. Alitarajia mzee angekasirika. Fundi aliomba asomewe mara ya pili, kisha akasema, "Kondoa sheria hii ilichelewa."

Hata hivyo mwaka uliofuata alikata mkuyu mwingine, nje ya mipaka, katika shamba la mtu aliyemlipa. Mwanafunzi hakuweza kuvumilia. Alimkumbusha chale za mlangoni, ambazo zilikuwa zimefika 37. Alimweleza kwamba mtumbwi unaweza kuundwa kwa mbao, vipande vilivyounganishwa kwa mataruma na misumari, na nafasi kujazwa pamba na lami. Kwamba shambani kwa baba yake mna migrevilea iliyopandwa kwa mkono, ambayo ikikatwa hupandwa tena. Mzee alijibu kwamba chombo cha vipande kina milango mingi kama mji, na maji hayakosi mwenye kuwafungulia. Maneno yalizidi, na mengine hayakuwa ya mtoto kumwambia mzazi. Mwanafunzi alisema kwamba anayeandika deni bila ya nia ya kulipa ni bora asiandike. Fundi aliingia ndani akafunga mlango, ule wenye chale.

Misimu miwili ilipita pasipo salamu. Katika muda huo mwanafunzi aliunda mtumbwi wake wa kwanza wa mbao za mgrevilea. Haukuwa mzuri. Ulivuja mahali pawili, na mvuvi aliyeukubali alifanya hivyo kwa sababu ya bei. Siku ulipopandishwa ukingoni kukaushwa, Fundi alitokea akitembea kwa fimbo. Hakusalimu. Alivua viatu, akaingia ndani ya chombo, akakaa, akapitisha kiganja kwenye maungo yote moja baada ya moja. Alitaja kasoro tatu: pamba ilikuwa imeshindiliwa ikiwa kavu, taruma la pili limekaa upande, na misumari ya chini imepigwa katika mstari mmoja wa nyuzi za mti kiasi kwamba ubao utapasuka. Zote zilikuwa kweli. Akauliza mbao zimetoka wapi. Alipoambiwa zimetoka shambani kwa baba, akauliza kama penye visiki pamepandwa. Akaambiwa ndiyo. Akavaa viatu, akaondoka.

Jumapili iliyofuata alikuwa amekaa barazani, gazeti la juma lililopita likiwa magotini, akisubiri asomewe. Hakukata mkuyu tena. Mwanafunzi hajui mpaka leo kama hiyo ilikuwa radhi au ulikuwa uchovu wa uzee tu, na hakupata ujasiri wa kuuliza. Lakini tangu siku hiyo mitumbwi ya mbao iliyotoka karakanani ilipita kwanza chini ya viganja vya mzee aliyefumba macho, na kasoro zikapungua kutoka tatu hadi mbili, hadi moja.

Fundi alifariki mwaka 2011, wakati wa masika, akazikwa siku ile ile kabla ya alasiri. Waliobeba jeneza walikuwa wavuvi, na mmoja wao ni yule aliyerudishiwa fedha mwaka 1996. Alimwambia mwanafunzi njiani kwamba alijua tangu zamani nani aliyeuharibu ule mtumbwi, kwa kuwa Fundi hakuwa mtu wa kukosea upande wa kulia, mkono wake wa nguvu. Alijua, na alinyamaza naye. Ndivyo heshima ya mtu mmoja inavyoweza kulindwa na watu wawili wasiowahi kulizungumza.

Mengi yamebadilika baada yake. Barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018, na mji umepanuka. Mwaka huo huo, huko Lamu, chombo cha tanga chenye urefu wa mita 9 kilishushwa majini, kimeundwa kwa plastiki chakavu zilizookotwa, chini ya mkono wa fundi Ali Skanda. Mapema mwaka 2019 kilisafiri hadi Zanzibar. Mwanafunzi alizisikia habari hizo redioni akiwa kazini. Alizima randa ili asikie vizuri. Alijiuliza mzee angesema nini juu ya jahazi lisilomdai mti wowote, akahisi kwamba angeomba kwanza apitishe viganja.

Nyumba ya Fundi ilipouzwa na warithi, mwanafunzi aliomba kitu kimoja, mwimo wa mlango. Sasa umesimama karakanani kwake, umeegemezwa ukutani, na wateja wanaokuja kuagiza vitanda hudhani ni ubao uliosahauliwa. Mkuyu huchipua kwa tawi likichomekwa mahali penye unyevu. Kila masika yeye huchomeka matawi kando ya kijito kinachopita chini ya shamba la baba yake. Mengine huliwa na mbuzi, mengine hukauka, mengine huchukuliwa na maji. Yaliyoshika ni tisa. Upande wa pili wa mwimo, ulio safi, amekata chale tisa.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema kwamba mlipaji lazima awe ndiye aliyekopa. Bado 28. Mwenyezi Mungu amrehemu Fundi, na amjaalie mwanafunzi wake masika ya kutosha.